Mimi Nimezoea, Wao Wakasikia Nimeacha

Juzi msomaji mmoja ameniuliza "used to" na "accustomed to" za Kiingereza zinatofautianaje. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana jambo hilo liliwahi kuninyima kazi.

Nilikuwa mbele ya wasaili watatu. Kazi yenyewe ya zamu ya usiku. Nikasema kwa madaha: "I used to work at night." Moyoni nilimaanisha nimezoea. Mama aliyekaa katikati akaweka kalamu chini, akauliza mbona niliacha. Nikamjibu sijaacha. Akawatazama wenzake. Nikairudia sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi, utadhani shida ilikuwa masikio yao. Mwisho wake mnaujua. Wangeweza kunisahihisha tu, lakini tuyaache.

Kilichoniponza ni kukosa kijineno "am". "I used to work at night" ni habari ya zamani: nilikuwa nikifanya, sasa basi. "I am used to working at night" ndiyo nimezoea. Tazama pia mkia: "working", si "work". Hiyo "to" siyo "ku" yetu ya kitenzi. Ni kihusishi, kinataka jina mbele yake. Jaribu kuweka jina: "I am used to noise." Imekubali? Basi kitenzi kikikaa hapo lazima kivae "-ing". Na kwa mdomo "used to" ya sentensi zote mbili husikika kama "yuustu", kwa s, tofauti na "used" ya kutumia, yenye z.

Sasa "accustom". Miaka yote nilikariri kuwa ni kuzoea. Siyo. Ni kuzoeza! Herufi moja tu, na lugha ni yangu mwenyewe, ila sikuiona. Kuzoeza kunataka wa kuzoezwa, kwa hiyo "I accustomed to the cold" ni sentensi kilema. Sema "I accustomed myself to the cold", nilijizoeza baridi. "Myself" yao ndiyo "ji" yetu. Au "I am accustomed to the cold", nimezoea. Neno hili lina suti na tai. Kwenye maongezi ya kawaida, "get used to" inatosha.

Ndugu zangu, acheni kukariri neno moja moja kama mimi. Kariri sentensi nzima, useme kwa sauti, urudie. Nilifanya hivyo miezi kadhaa, na usaili uliofuata hakuna aliyeniuliza kwa nini niliacha. Waliuliza naanza lini.

Nawe uliyeniandikia, samahani kukuumbua: ujumbe wako una "I use to wake up early", ukimaanisha huamka mapema. "Hu-" yetu haiingii hapo. Andika "I usually wake up early". Ile uliyoiandika nilikuwa naitumia hata mimi, tena kwenye barua za kuomba kazi.