Kuamka si kazi, kazi ni kujua umeamka

Mhariri, mmeuliza: "Ukigundua kwamba unaota, unajiamshaje?" Zamani ningejibu kwa neno moja: piga kelele. Haya, sikilizeni.

Naishi Mbagala, kazini naenda kwa daladala la Kariakoo. Usiku mmoja nikaota nimo humo, nimebanwa dirishani, mama mmoja kanipakatisha kapu lake la dagaa. Hapo sikushtuka, ni mambo ya kila siku. Konda akaja, nikampa noti ya elfu kumi. Akanirudishia chenji yote palepale, bila kudaiwa, na asante juu. Nikajua naota.

Nikapiga kelele, "Shusha!" Sauti haikutoka. Nikajifinya, sikusikia kitu. Nikafumba macho kwa nguvu, kufumbua niko kitandani, ndani ya chandarua. Alhamdulillahi. Nikaoga, nikanywa chai kwa mihogo, nikaenda kituoni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari likaja tupu. Mbagala! Siti zote wazi! Nikabaki mlangoni nimeduwaa: kumbe bado. Nikafumba tena, nikaamka tena, nikaoga tena. Mara ya tatu mama watoto ndiye aliyenivuta kidole gumba cha mguu. Nilijua safari hii ni kweli, maana kufungua bomba, maji yamekatika.

Baadaye nikasoma kwamba katika usingizi wa ndoto misuli ya mwili hulegea, isipokuwa ya macho na ya kupumulia. Mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, bwana mmoja, Alan Worsley, akiwa amelala na akijua kwamba anaota, alimpa mtafiti Keith Hearne ishara kwa kupeleka macho kushoto na kulia, kama walivyokubaliana. Nikamwomba mama watoto naye awe ananitazama macho usiku. Akasema, "Baba watoto, mimi si mlinzi."

Kwa hiyo kelele nimeifuta. Ukikabwa na jinamizi, umeshaamka nusu na mwili haukutii, hangaika na kidole kimoja tu cha mguu, polepole. Mimi hunisaidia, labda wewe hapana. Lakini ndoto ya kawaida? Kadiri ninavyoandika naona nilikosea. Nilikuwa na haraka gani? Lile gari tupu ningepanda, nikakaa siti ya mbele na dirisha wazi mpaka Kariakoo.

Ila ukiota umepata choo, tena kisafi, hakina foleni, jiamshe kwa njia yoyote uijuayo.