Ngiri ya kovu baada ya saratani ya utumbo: majibu ya jeni yatangulie neti

Mleta mada, pole kwa uliyopitia. Umeeleza kwamba ulikatwa kipande cha utumbo mpana kwa sababu ya saratani ukiwa na miaka 44, umeshafikisha mwaka na nusu, na sasa ukikohoa kovu linachomoza uvimbe wa ukubwa wa ngumi, yaani ngiri ya kovu: utumbo unajisukuma nje pale ukuta wa tumbo uliposhonwa. Daktari mmoja anataka akuwekee neti, kitambaa cha matundu cha kuziba ukuta huo, mwezi ujao. Mwingine amekwambia upime jeni. Unauliza kama neti ni salama, na kipimo cha jeni kinamsaidia nini mtu aliyekwisha kutibiwa.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa niliyepita njia hiyo hiyo, tena niliipita kinyumenyume, ndiyo maana najibu kwa kirefu. Kwako wewe hayo si maswali mawili. Ni moja, na lina mpangilio wake.

Ngiri yangu ya kwanza ilikuwa ya kinena, nikiwa na miaka 33. Hiyo ni ya kawaida mno: kadirio linalotajwa sana ni asilimia 27 ya wanaume kuipata maishani, na asilimia 3 ya wanawake. Niliwekewa neti kwa njia ya Lichtenstein. Zamani, tangu enzi za daktari Bassini kule Italia miaka ya 1880, daktari alikuwa anazivuta kingo za tundu na kuzishona pamoja, na nyama iliyovutwa kwa nguvu ikawa inaachia. Lichtenstein na wenzake wakaja kuandika mwaka 1989 kwamba usivute kitu, laza neti juu ya tundu, nyama iote ndani yake. Ngiri ile haijarudi mpaka leo. Kilichonitesa ni maumivu, miezi minane ya kuchomwa kinenani kila nikipanda ngazi. Nilipouliza nikaambiwa ni jambo linalojulikana, kwamba takriban mtu mmoja kati ya kumi hubaki na maumivu ya muda mrefu kwa sababu kuna mishipa mitatu ya fahamu inayopita pale pale. Ningependa kuambiwa hivyo kabla ya kusaini fomu.

Na kwa wanaodhani neti lazima iwe ya bei mbaya ndipo ifanye kazi: mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Nusu waliwekewa neti ya kiwandani, nusu kitambaa cha chandarua kilichosafishwa na kuuawa vijidudu kitaalamu. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kundi la chandarua ngiri ilimrudia mtu mmoja tu, kwenye kundi la pili hakuna. Kitabibu walikuwa sawa. (Msije mkakata vyandarua vya nyumbani, tafadhali. Nawajua.)

Turudi kwenye tumbo. Nikiwa na miaka 41 nilianza kuishiwa damu. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu kwa miezi, mpaka kipimo cha kamera kikaonyesha saratani upande wa kulia wa utumbo mpana. Nikapasuliwa katikati ya tumbo, kipande kikatolewa, kidonda kikaoza kidogo pembeni, nikapona. Miezi kumi na nne baadaye uvimbe ukatokea kwenye kovu. Hospitali niliyokwenda, ambayo sitaitaja, ilinirudisha chumba cha upasuaji, wakazikutanisha kingo kwa uzi mtupu bila neti, nikaruhusiwa. Hakuna aliyeuliza habari za ukoo wangu. Mwaka haukuisha, ngiri ikarudi kubwa kuliko mwanzo.

Baadaye nikajua kwamba nilikuwa nimeingizwa kwenye kamari ambayo matokeo yake yalishapimwa zamani. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2000 uliwalinganisha wagonjwa wa ngiri ya kovu walioshonwa kwa uzi na waliowekewa neti. Ndani ya miaka mitatu ngiri ilirudi kwa asilimia 43 ya walioshonwa na asilimia 24 ya wenye neti. Walipofuatiliwa hadi miaka kumi, ikawa asilimia 63 kwa 32. Kwa hiyo ngiri ya kovu si ya kushonwa tu, labda iwe tundu dogo sana. Lakini itazame vizuri hiyo 32. Hata mwenye neti, mmoja kati ya watatu ilimrudia. Anayekuahidi kwamba neti inamaliza kazi anakufurahisha tu.

Sasa ndipo nilipokutana na daktari bingwa wa pili. Nilikwenda kwake na ngiri yangu, yeye akaanza kuniuliza baba alikufa na nini. Nikasema tumbo, akiwa na miaka 47. Shangazi? Saratani ya kizazi. Si mlango wa kizazi, ni nyumba ya uzazi yenyewe. Akaweka kalamu chini akasema, "Hiyo ngiri itasubiri."

Alichokuwa anakifikiria kinaitwa sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoleta saratani ya utumbo mpana na ya nyumba ya uzazi kwenye ukoo. Kisa chake ni cha zamani. Mwaka 1895 fundi cherehani mmoja kule Michigan alimwambia Dk. Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani ya kizazi au ya tumbo kwa sababu ndiyo inayowaua kwao. Akafa kama alivyosema, na saratani ya nyumba ya uzazi. Warthin akaandika habari za ukoo wa fundi huyo mwaka 1913, kisha miaka ya 1960 Henry Lynch akaifuatilia kazi hiyo kwenye koo nyingine, huku wengi wakimpuuza. Jeni zenyewe zilianza kupatikana mwaka 1993: MSH2 kwanza, halafu MLH1, kisha MSH6 na PMS2. Kazi ya jeni hizi ni kama ya msahihishaji wa maandishi: seli ikijigawa hunakili vinasaba vyake, makosa hutokea, na hizi ndizo zinazoyafuta. Ukirithi moja iliyoharibika, siku nakala ya pili nayo ikiharibika kwenye seli fulani ya utumbo, makosa yanarundikana bila wa kuyafuta.

Takriban asilimia 3 ya saratani zote za utumbo mpana hutokana na hali hii. Ni chache kwa hesabu, ila ukiwa ndani ya hiyo 3 mambo yako yote yanabadilika, pamoja na ngiri. Hapa ndipo kiini cha jibu langu kilipo.

Mwenye Lynch aliyekatwa kipande tu cha utumbo bado ana utumbo uliobaki, na utumbo huo una jeni ile ile mbovu. Utafiti uliotoka 2011 ulikuta hatari ya saratani nyingine mpya kwenye sehemu iliyobaki ni asilimia 16 kwa miaka kumi, 41 kwa ishirini, na 62 kwa thelathini. Ndiyo maana baadhi hushauriwa kuondolewa karibu utumbo mpana wote. Sasa fikiria umeshawekewa neti pana tumboni, nyama imeota ndani yake, utumbo pengine umejishika nayo kwa chini, halafu mwaka unaofuata lazima ufunguliwe tena. Daktari atapita kwenye neti hiyo hiyo, na akishaukata utumbo, uchafu unaweza kuigusa. Neti ikiingiwa na vijidudu vya utumboni ni balaa la miezi, wakati mwingine mpaka ing'olewe. Kwa hiyo kwanza ujue kama utumbo umebaki salama, uamue utakaa nao au hutakaa nao, ndipo uzibe ukuta. Mimi ukuta wangu ulizibwa kwanza, tena vibaya.

Kuna sababu nyingine ambayo sikuijua kabisa. Si kila uvimbe juu ya kovu ni ngiri. Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, wa jeni ya APC, ambao huotesha vinyama mamia au maelfu kwenye utumbo mpana tangu ujana, na usipotibiwa karibu kila aliye nao hupata saratani. Wenye jeni hiyo wanaweza kuota uvimbe mgumu unaoitwa desmoidi, mara nyingi ukutani mwa tumbo au ndani kwenye tishu inayoshikilia utumbo, na upasuaji wenyewe ni mojawapo ya vichocheo vyake. Ngiri ukilala chali kwa kawaida hurudi ndani au hulainika. Desmoidi haiendi popote. Kukata desmoidi ukidhani ni ngiri ni kosa kubwa, kwa hiyo kama hujapigwa picha ya CT, ipigwe kabla ya jambo lolote. Wewe umesema uvimbe unatoka ukikohoa, hiyo inaelekea ngiri, lakini picha ndiyo itakayothibitisha.

Kipimo chenyewe kwangu hakikuanzia kwenye damu. Hospitali ilikuwa bado na kile kipande kilichokatwa, kimehifadhiwa ndani ya nta. Maabara ikakipaka rangi kuona kama protini nne zinazotengenezwa na jeni zile nne zipo. Zangu mbili zilikosekana, MSH2 na MSH6, ambazo huenda pamoja. Ndipo nikatolewa damu, na baada ya wiki saba jibu likarudi: nimerithi hitilafu kwenye MSH2. Angalizo moja: zikikosekana MLH1 na PMS2 usiandike wosia bado, maana MLH1 mara nyingi huzimika yenyewe ndani ya uvimbe bila kurithiwa, hasa kwa wazee. Kuna vipimo vya nyongeza vya kutofautisha.

Nikapimwa kwa kamera, vinyama viwili vikakutwa vikaondolewa pale pale. Nikapewa hiari: utumbo uliobaki utolewe, au nipimwe kwa kamera kila mwaka maisha yangu yote. Nilichagua kamera. Baada ya hapo ndipo neti ikawekwa, safari hii nyuma ya misuli na si juu yake, eneo likiwa safi, baada ya kulazimishwa kuacha sigara na kupunguza kilo tisa. Nilikaa na mipira miwili ya kutolea majimaji kwa siku sita. Leo ni miaka mitatu, ukuta umeshika. Kuna ganzi kidogo juu ya kitovu, nimeizoea.

Umeuliza kipimo kinamsaidia nini aliyekwisha kutibiwa. Mbali na hilo la mpangilio, kina faida kwa waliozaliwa nawe na waliozaliwa kwako. Kila mtoto wa mwenye jeni hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, awe wa kiume au wa kike. Kwetu tuko wanne. Dada yangu anayo, kamera ya kwanza ikamkuta na kinyama ambacho hakijageuka. Mdogo wetu wa mwisho hana, akaondolewa kwenye foleni ya kamera, na nakiri nilimwonea wivu. Wa tatu amekataa kupima. Anasema hataki kujua siku yake. Tumebishana, tumenuniana, sasa namtumia tu tarehe zangu za kamera bila maneno.

Kuhusu aspirini, maana itaulizwa tu: ipo kweli. Utafiti wa Profesa John Burn uliwapa wenye Lynch miligramu 600 kwa siku kwa takriban miaka miwili. Walipofuatiliwa miaka kumi, waliopata saratani ya utumbo mpana walikuwa 40 kati ya 427, dhidi ya 58 kati ya 434 waliopewa vidonge bandia. Ni faida ya kweli, lakini aspirini inaweza kutoboa tumbo na kumwaga damu, kwa hiyo dozi aitoe anayekutibu.

Wakati unasubiri majibu, ngiri isiyobana kwa kawaida inaweza kungoja wiki kadhaa. Vaa mkanda wa tumbo, tibu kikohozi na kufunga choo, usinyanyue mizigo. Ila uvimbe ukigeuka mgumu, ukauma, ukakataa kurudi, ukaanza kutapika au hewa na haja zikakoma, usitume ujumbe hapa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, utumbo umenaswa.

Na huyo daktari wa neti, kabla ya tarehe yake, muulize atailaza tabaka lipi la tumbo, na kama ameiona ripoti ya kipande chako kilichokatwa. Wangu wa kwanza hakuwa ameifungua. Tafuta nakala yako, angalia kama kuna mstari unaotaja MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Kama haupo, omba kipande kipimwe, huenda bado wamekihifadhi. Kama upo, uandike hapa ulivyo, nitakueleza wangu ulisomekaje.