Mfanyakazi mpya aliye mbali anahitaji mwenyeji mmoja

Siku ya kwanza ya mtu anayefanyia kazi nyumbani kwake mara nyingi huwa hivi: anaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, bosi anaandika "Tumkaribishe mwenzetu", watu wanamimina karibu sana, karibu dada, maua na makofi, na baada ya robo saa grupu linarudi kwenye mambo yake. Yeye amebaki chumbani kwake, Mwanza au Mbeya, kompyuta iko mezani, hajui aanzie wapi wala amuulize nani. Salamu amezipata nyingi. Mwenyeji hana.

Nasimamia timu ya huduma kwa wateja ambayo ofisi yake iko Dar es Salaam, lakini wengi wetu wako mikoani, na wengine wako Nairobi na Kigali. Watu wapya tunawapokea kila mara. Kwa yeyote anayeajiri watu wa mbali, jambo la kwanza ninalomwomba afanye ni hili: kabla mgeni hajaanza, teua mtu mmoja, kwa jina, ambaye mwezi mzima wa kwanza ni halali yake kusumbuliwa.

Mtu huyo asiwe bosi wake. Tumelelewa kuheshimu wakubwa, na malezi hayo tunaingia nayo kazini. Kijana aliyemwamkia msimamizi wake shikamoo asubuhi hawezi kumwandikia saa nne kwamba hajaelewa, kisha saa nne na nusu amwandikie tena kwamba bado hajaelewa. Atasema "sawa, nashukuru", halafu atahangaika peke yake hadi jioni. Mwenyeji mzuri ni wa rika lake, anafanya kazi ileile, na ikiwezekana naye aliajiriwa karibuni, maana bado anayakumbuka yale mambo ambayo hayakuandikwa popote na kila mtu anadhani yanajulikana. Na mpunguzieni kazi. Mwenyeji mwenye foleni ya wateja ileile ya kila siku atajibu kwa neno moja moja, na mgeni atahisi anaudhi, hatauliza tena.

Ofisini uso wa mtu unakueleza. Unapita nyuma ya kiti chake, unaona amekunja ndita, unavuta kiti na kukaa. Mtandaoni unachoona ni maneno yake tu, na maneno ya mgeni karibu yote ni "sawa". Mimi mtu anayeuliza maswali mengi wiki ya kwanza hanitishi hata kidogo. Anayenitia wasiwasi ni yule ambaye siku zinapita hana swali lolote.

Kwa hiyo kwetu hatuulizi "Umeelewa?" Swali hilo lina jibu moja, nalo ni ndiyo. Tunasema "Nionyeshe ulipofika." Kuna binti wa Mwanza aliyepewa ombi dogo la kumrejeshea mteja pesa zilizokatwa mara mbili. Kila akiulizwa anaendeleaje, alijibu yuko vizuri, anamalizia. Mwenyeji wake akampigia, akamwomba waangalie skrini yake pamoja. Akamwona anafungua ukurasa wa malipo, anashuka hadi chini, anarudi juu, anaingia ukurasa mwingine, anarudi tena palepale. Kitufe cha kurejesha malipo kwake hakikuwepo. Akaunti yake haikuwa imepewa ruhusa hiyo, na tangu asubuhi alikuwa anakitafuta akiamini kwamba yeye ndiye asiyeona. Ruhusa iliwekwa kwa dakika chache. Mtu mwingine angemhukumu kuwa ni mzito wa kuelewa, na huenda hukumu hiyo ingemfuata mpaka mwisho wa muda wa majaribio.

Ndiyo maana namsihi kila msimamizi asimwache mgeni asome nyaraka wiki nzima. Kusoma peke yako chumbani kunachosha na hakukufanyi ujione umo kwenye timu. Mpe kazi ya kweli siku ya pili, ndogo, yenye mteja wa kweli, mwenyeji akiwa upande wa pili wa simu, na aimalize siku hiyohiyo. Akishamaliza mwambie aingie kwenye mwongozo wenu arekebishe pale palipomchanganya. Mgeni njoo, mwenyeji apone: macho mapya huona mashimo ambayo sisi tumeshazoea kuyaruka. Ukurasa wetu wa kurejesha malipo aliuandika yule binti, na wengine waliomfuata wanautumia.

Vifaa nitavipitia haraka. Kompyuta ikitumwa kwa basi, itumwe mapema, na anayeifunga ahakikishe chaja imo na akaunti zote zimefunguliwa. Bando liwe juu ya kampuni tangu siku ya kwanza, asianze kazi kwa kudai arudishiwe hela. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kumaliza GB nzima. Umeme nao unakatika, kwa hiyo mwambieni mapema afanye nini ukikatika, ili asikae gizani akiogopa kwamba ataonekana mtoro. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nyingi za ukanda huu na Tanzania iliathirika sana. Siku kama hizo zinakuonyesha umuhimu wa kila mtu kuwa na namba za wenzake kwenye simu, za kupiga na kutuma ujumbe wa kawaida. Na kama una mtu Kigali au Lubumbashi, kumbuka kwake ni saa moja nyuma ya Dar na Nairobi. Mwaliko wa kikao uandikwe ni saa ya wapi.

Kwa walioajiriwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi, yakiwemo mahali pa kazi, saa za kazi na ujira wake. Kwa anayefanyia kazi nyumbani mambo hayo mawili ya mwanzo yana uzito mkubwa. Saa za kawaida zina kikomo cha 45 kwa wiki, na kikomo hicho hakifutiki kwa sababu kitanda kiko karibu na meza. Mgeni anayeona ujumbe wa kazi saa tatu usiku ataujibu, kwa kuwa bado anatafuta kukubalika. Mkubwa ndiye anayepaswa kuacha kuutuma.

Lakini mahali ambapo watu wa mbali huachwa nje zaidi ni kwenye mambo ya utu. Mtu wa ofisini akifiwa, karatasi ya rambirambi inapita mezani na watu wanapanda gari kwenda msibani. Mwenzetu wa Mbeya alipofiwa na mama yake alikuwa bado mgeni kabisa, wengi hawajawahi kumwona ana kwa ana. Mwenyeji wake ndiye aliyepata habari kwanza, akampigia, akakusanya rambirambi kama ambavyo ingekusanywa kwa yeyote, na mfanyakazi mwingine aliyekuwa Iringa akatumwa kwenda kutuwakilisha. Sijui kikao cha utambulisho ambacho kingefanya kazi ile. Harusi, mtoto kuzaliwa, ugonjwa, vyote viwe na utaratibu mmoja kwa wa ofisini na wa mikoani.

Vivyo hivyo maamuzi. Jambo likiamuliwa kwenye chai ya saa nne, aliyekuwepo aliandike kwenye grupu kabla chai haijaisha. Wa Mbeya asilisikie kwa mteja.

Na kama mna uwezo wa kumleta mgeni Dar, msimlete wiki ya kwanza. Atasalimiana na watu wengi asiowajua na atarudi kwao akiwa amewasahau. Mleteni mwezi wa pili au wa tatu, akiwa tayari ana watu anaotamani kuwaona, na mumkalishe meza moja na anaofanya nao kazi badala ya kumfungia kwenye semina ya hotelini. Nauli na malazi yake yaingizwe kwenye bajeti siku ileile mnayotangaza nafasi ya kazi.