Tairi za mbele kuisha upande wa ndani: paralelismu ni kazi ya mwisho, si ya kwanza

Ndugu, umesema gari yako, Toyota RAV4, inakula tairi za mbele ukingo wa ndani, umeipeleka kwenye paralelismu (kunyoosha uelekeo wa magurudumu) mara mbili hapa Goma, karatasi ya mashine ikatoka nzuri, na tairi mpya zimeanza kuisha vilevile. Fundi anakuambia kosa ni la tairi za bei rahisi. Mimi sikubali. Tairi dhaifu huisha haraka, lakini huisha kote. Ikiisha ukingo mmoja, kuna kitu kinachoielekeza vibaya.

Kwanza soma tairi kwa mkono. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi (vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara) kutoka nje kuelekea ndani ya gari, halafu urudi. Ukienda ndani ukasikia laini, na ukirudi nje makali yakakukwaruza, magurudumu yamebana mbele kupita kiasi, yaani yamekaribiana mbele kuliko nyuma. Ikiwa laini ni ukienda nje na makali ni ukienda ndani, yamefunguka mbele, yaani yameachana mbele kuliko nyuma. Kama ukingo wa ndani umelika lakini pande zote mbili ni laini, shida ni karosaji: gurudumu limelala, juu likiingia ndani. Kingo zote mbili zikiisha ni upepo mdogo, katikati pekee ni upepo mwingi. Mabonde mabonde kuzunguka tairi nzima ni amortisa (vizuia mtikisiko) zilizochoka au ekilibraji (usawa wa uzito wa gurudumu) mbaya, na hapo paralelismu haitasaidia kitu.

Watu hudharau milimita hizi. Chukua tairi yenye kipenyo cha milimita 650, na mbele pamefunguka milimita 6 kwa jumla, yaani 3 kila upande. Hapo kila tairi inaburutwa kando karibu mita 4 na nusu kwa kila kilomita moja. Mtu wa kwenda Sake na kurudi kila siku, zaidi ya kilomita 50, anasugua mpira kando zaidi ya mita 200 bila kusikia chochote kwenye usukani.

Sasa, kwa nini karatasi ni nzuri na tairi inaisha? Mashine hupima gari likiwa limesimama, hakuna anayekanyaga breki. Barabarani, kila unapofunga breki gurudumu la mbele linasukumwa nyuma. Silenbloko (bushi ya mpira) ya nyuma ya triangle, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwenye chasisi, ikiwa imepasuka, triangle inasogea na gurudumu linabadili uelekeo, mara nyingi kwa kufunguka. Kisha unaachia, linarudi. Mashine haitaona hilo kamwe. Na barabara zetu za ndani, Majengo, Katoyi, sehemu za Himbi, ni mawe ya volkeno yanayogonga gurudumu kutoka mbele siku nzima. Ndiyo maana nasema silenbloko ndiyo ya kwanza kushukiwa hapa, kabla ya rotula (kiungo chenye tufe la chuma).

Kukagua ni hivi. Gari juu ya kriki (jeki), weka na mguu wa chuma chini yake (usilale chini ya kriki peke yake). Shika gurudumu kushoto na kulia, ulitikise: likicheza, ni rotula ya direksioni (ya usukani) au biyeleti (fimbo inayosukuma gurudumu kugeuka) ya ndani kwenye kremayeri, yaani reki ya usukani. Mwenzako aweke vidole kwenye rotula, atasikia inayocheza. Kisha shika juu na chini: likicheza, ni rotula ya triangle au rulma (beringi) ya gurudumu. Kuwatofautisha, mtu akanyage breki wakati unatikisa. Mchezo ukipotea ni rulma, ukibaki ni rotula. Silenbloko haionekani kwa kutikisa gurudumu. Chukua mtaimbo, uupenyeze kati ya triangle na chasisi, usukume mbele na nyuma huku ukimulika kwa tochi. Mpira ukifunguka nyufa hadi kwenye chuma, huo umekwisha.

Hapa kuna kosa ninaloliona sana kwenye garaji. Silenbloko mpya inawekwa gari likiwa hewani, na buloni (bolti) zinakazwa hapohapo, magurudumu yananing'inia. Gari likishushwa, mpira unabaki umesokotwa muda wote na unapasuka mapema. Buloni za triangle zishikishwe tu juu ya kriki, kisha gari lisimame kwa magurudumu yake, litingishwe mara chache, ndipo zikazwe kabisa. Ukimwona fundi hafanyi hivyo, mwambie kabla hajamaliza.

Baada ya yote hayo ndipo uende kwenye mashine. Upepo uwe sawa kwa kipimo cha kibandiko cha mlangoni, tairi zikiwa baridi, na tairi za ekseli moja ziwe na saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Ukinunua okazyo (tairi zilizotumika) mbili zisizofanana ukaziweka mbele, umeharibu kipimo kabla hakijaanza. Dai apime magurudumu yote manne. Akipima ya mbele tu wakati ekseli ya nyuma imekaa upande, gari litakwenda kama kaa na usukani utakuwa umepinda hata barabara ikiwa imenyooka. Mpangilio ni nyuma kwanza, kisha mbele. Na mbele karosaji hutangulia, kubana na kufunguka huwa mwisho, kwa sababu ukigusa karosaji kile kingine kinahama. Chukua karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Karatasi ya baada peke yake haikuelezi alirekebisha nini.

Bila mashine unaweza kujikagua kwa mita ya fundi. Egesha pahali tambarare, usukani katikati. Katikati haipatikani kwa macho: geuza hadi mwisho wa upande mmoja, hesabu mizunguko hadi mwisho mwingine, rudisha nusu. Weka alama ya chaki katikati ya kila tairi ya mbele, upande wa mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu au juu kadiri mita inavyopita. Pima umbali kati ya alama mbili. Sukuma gari mbele kwa mkono hadi alama zilezile zifike nyuma kwa kimo kilekile, pima tena. Nyuma ikizidi mbele, magurudumu yamebana. Gari nyingi ndogo huhitaji kubana kati ya milimita 0 na 3. Kwa kuwa umetumia alama zilezile, jante (rimu) iliyopinda haikudanganyi.

Kurekebisha: legeza ekru (nati) ya kukazia, zungusha biyeleti za pande zote mbili kwa kiasi sawa, la sivyo usukani utapinda. Kremayeri ikiwa nyuma ya ekseli, kama kwenye RAV4, kurefusha biyeleti kunabana mbele. Ikiwa mbele ya ekseli ni kinyume. Robo mzunguko kila upande huleta takriban milimita 3 kwa jumla, kwa hiyo nenda polepole. Kila baada ya kugusa, sogeza gari mita chache ndipo upime upya, kwa sababu tairi iliyogeuzwa ikiwa imesimama hubaki imekunjika.

Kuhusu gari kuvuta kulia: hiyo siyo paralelismu. Barabara zetu zina mgongo, upande wa kulia unashuka kwenye mtaro, nasi tunaendesha kulia. Juu ya hapo gari nyingi zimetoka Japani, dereva mwenyewe amekaa kulia, uzito wake uko hukohuko. Kuvuta kidogo ni kawaida. Likivuta hata pahali tambarare, badilisha tairi mbili za mbele kushoto kwa kulia. Likianza kuvuta upande mwingine, tairi ndiyo yenye kasoro. Lisipobadilika, tazama breki inayoshika na karosaji iliyotofautiana. Kubana na kufunguka kwa mbele hugawanyika sawa pande mbili na hakuvuti gari. Fundi anayezungusha biyeleti ili kuondoa mvuto anakuuzia tairi nyingine.

Waliouliza kuhusu Toyota Prado: triangle ya chini ina buloni za ekisentriki (zenye kitovu pembeni) zinazorekebisha karosaji. Zikiganda kwa kutu, fundi ataruka hatua hiyo kimyakimya, hivyo zipakwe mafuta ya kupenya siku moja kabla. Land Cruiser 70 ina ekseli nzima mbele. Hapo ni fimbo ya direksioni tu; karosaji ikiharibika, tafuta rulma za pivo (egemeo ambalo gurudumu hugeukia) au ekseli iliyopinda.

Na wewe mwenye RAV4, tairi zilizokwisha kulika zihamishie nyuma. Zitaendelea kunguruma kwa muda kwa sababu ya yale makali, usizitumie kuhukumu kazi. Mbele weka zilizo sawa, pima kina cha kashata ndani, katikati na nje, andika. Baada ya kilomita 1,000 pima tena sehemu zilezile. Ndani ikipungua kuliko nje, rudi kwenye triangle na mtaimbo kabla ya kurudi kwenye mashine.