Shangazi Nijibu: Anavunja vikombe, bibi yake anasema ana jini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka saba, yuko darasa la pili hapa Tanga mjini. Akikatazwa kitu anajigaragaza chini na kurusha vikombe. Juzi kamng'ata mdogo wake hadi damu. Shuleni anachapwa karibu kila siku, eti hasikii. Televisheni anaifungulia sauti mpaka majirani wanagonga ukuta. Alipokuwa mdogo sikio lilimtoka usaha, ukakatika wenyewe. Baba yake anasema nimemdekeza, mama mkwe anataka apelekwe kwa mganga. Nimechoka. – Mama K.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imejaa vikombe, lakini mimi nimekwama kwenye lile sikio. Usaha kukatika si ushahidi kwamba sikio limepona. Ngoma ya sikio inaweza kubaki na tundu, au majimaji yakatuama nyuma yake bila maumivu yoyote, mtoto akawa anasikia nusu nusu: leo vizuri, kesho vibaya. Mtoto wa namna hiyo darasani huonekana mkaidi. Nimefundisha darasa la pili miaka mingi, nawajua. Anza na hospitali ya Bombo, uombe apimwe masikio na usikivu. Mafuta au dawa ya majani sikioni, hapana, hata mama mkwe akinuna. Dua akimsomea, mwache asome.

Wakati huohuo chukua daftari. Kila anapochachamaa andika saa, na kilichotangulia: alikuwa anafanya nini, nani alimwambia nini, alikula saa ngapi. Wiki mbili tu. Mimi naotea ni saa ile ya kurudi shule, tumbo tupu, halafu anaambiwa avue sare na afanye mazoezi ya nyumbani. Mpe uji kwanza, maneno baadaye. Ukimwita, mguse bega akutazame ndipo useme.

Moto ukishawaka, mwondoe mdogo wake, vikombe vya udongo uvipandishe kabatini, wewe usihubiri. Anachokililia asikipate kwa kelele. Nakuonya: siku za mwanzo atazidisha, maana anajaribu kama mlango bado unafunguka. Baba akilegea siku ya tatu, mtakuwa mmemfundisha kulia zaidi. Akitulia, aokote alivyovirusha. Na akimwachia mdogo wake mpira bila kugombana, umsifu papo hapo kwa hilo hilo.

Hayo ya kudekezwa sitayajibu. Mwambie baba aandike daftari siku mbili.

Viboko je? Kanuni za shule zetu zinampa ruhusa mwalimu mkuu, au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kuchapa visivyozidi vinne, na adhabu iandikwe. Kila siku kwa kutosikia? Nenda kwa mwalimu mkuu na cheti cha hospitali mkononi, kwa heshima, uombe akae dawati la mbele, sikio lililo zima likimwelekea mwalimu. Ukipuuzwa, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure.

Masikio yakionekana mazima na fujo zikaendelea, hapo hapo Bombo uliza huduma ya afya ya akili. Ila ukimwona anajiumiza mwenyewe, au anaduwaa ghafla macho wazi, ukimwita haitiki, kisha anaendelea kama hakuna kitu, usingoje daftari lijae. Inaweza kuwa kifafa, na kina dawa.