Ukiwa na donge moyoni, anza na mikono

Nyumbani kwetu Tanga huwezi kuficha hasira ukiwa umekalia mbuzi. Aliyetulia hukuna nazi huku akiizungusha kidogo kidogo. Mwenye donge hukwaruza palepale mpaka akagusa kifuu, na nazi inadondoka kwenye sinia ikiwa na vichembe vya kahawia. Mama mdogo hana haja ya kunitazama usoni. Anachungulia sinia tu: "Haya, nani kakuudhi?"

Wataalamu nao wamelipima jambo hili, ila kwa mwendo. Mwaka 2009 Johannes Michalak na wenzake, huko Ujerumani, walionyesha kwamba watu wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) hutembea polepole, mikono yao haichezi sana na mgongo umeinama. Lililonivutia zaidi ni jaribio lao la 2015. Watu waliongozwa kutembea kinyonge au kwa uchangamfu bila kuambiwa shabaha ni nini. Waliotembea kinyonge wakakumbuka zaidi maneno mabaya kati ya yale waliyopewa. Yaani miguu nayo inaupangia moyo cha kushika!

Ndiyo maana siku nikiamka mzito sijilazimishi kutabasamu. Tabasamu la kulazimisha linanichosha. Nashusha mabega (karibu kila mara nayakuta yamepanda hadi masikioni), natoka nje, naiachia mikono ining'inie na kucheza yenyewe. Pumzi naitoa taratibu, ndefu kuliko ninayovuta, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kidogo wakati wa kutoa pumzi. Nikifika barabara kuu, mara nyingi nimeshaacha kubishana na mtu ambaye hata hayupo.

Lakini usije ukauziwa miujiza. Kwenye semina za kujiamini bado utaambiwa usimame mikono kiunoni dakika mbili, homoni zibadilike. Hilo lilitokana na utafiti wa 2010. Uliporudiwa kwa watu wengi zaidi, mabadiliko ya homoni hayakuonekana, na 2016 Dana Carney, mmoja wa walioufanya, alitangaza kwamba haamini tena. Hela ya semina kanunulie raba za kutembelea.

Na mwenzako akiwa amejikunyata, usimwambie "changamka bwana, nyoosha mgongo." Atajisikia kama anakaripiwa. Mwombe akusindikize gengeni, na umfuate kwa mwendo wake. Zikipita wiki mbili bila yeye kula vizuri wala kulala, mpeleke hospitali.