Unachora manowari ya nchi ndogo? Anza na gudi

Manowari yangu ya kwanza ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 305, deraya nene kama ukuta wa Fort Jesus, na mwendo wa maili 23 za bahari kwa saa. Niliichora wiki tatu, usiku baada ya kazi, nikaipa hata jina. Nilipoingiza vipimo vyake kwenye Springsharp, ile programu ya bure ambayo sisi tulioshikwa na ugonjwa wa meli za kale huitumia kupimia meli ambazo hazikuwahi kujengwa, jibu halikukawia: mwili wa meli hauwezi mzigo huo. Kwa maneno mengine, ingevunjika mgongo kabla haijaonana na adui.

Wengi wanaoniomba ushauri huanzia hapo hapo nilipoanzia mimi. Wanataka manowari ya mwaka 1910 hivi, ya nchi isiyo Uingereza wala Ujerumani, labda Ureno, labda Chile, labda nchi waliyoitunga wenyewe, na sentensi yao ya kwanza huwa ni mizinga. Ningewaomba mizinga iwe jambo la nne au la tano. La kwanza ni hili: meli ikishika mwani na magamba tumboni, itaingizwa wapi isuguliwe?

Mimi ni mchoraji wa kazi za vyuma katika karakana ya meli hapa Mombasa, na swali hilo nilifundishwa na fedheha. Miaka michache nyuma ilikuja meli ya uvuvi kupakwa rangi. Upana wake niliuchukua kwenye karatasi za mwenyewe, nikaona itaingia gudini, yaani lile bwawa linalokaushwa maji ili meli itengenezwe, na nafasi itabaki. Kumbe mmoja wa waliowahi kuimiliki alikuwa ameichomelea vyuma vya kukinga ubavu, sentimita ishirini na ushei kila upande, na mimi sikwenda kuitazama kwa macho. Ilifika mlangoni mwa gudi wakati wa bamvua, ikagoma. Tukangoja bamvua nyingine, wiki mbili, na mwenye meli akawa ananipigia simu kila alfajiri kunijulia hali kwa lugha yake.

Wahispania walilazimika kulifikiria jambo hilo kabla ya kuchora. Walikuwa wamepoteza meli zao nyingi vitani na Marekani mwaka 1898, na sheria yao ya mwaka 1908 ya kulijenga upya jeshi la majini ilizaa España, Alfonso XIII na Jaime I. Hizi ndizo dredinoti ndogo kuliko zote zilizowahi kujengwa. (Dredinoti ni manowari za mtindo ulioanzishwa na Dreadnought ya Waingereza mwaka 1906: mizinga mikubwa mingi, yote ya kipimo kimoja.) Urefu mita 140, upana mita 24, tani 15,700 hivi. Udogo huo haukutokana na uvivu wa wachoraji. Kasha la fedha lilikuwa jepesi, na gudi zilizokuwepo nchini zilikuwa na ukubwa wake. Meli ikizidi gudi, unachimba gudi nyingine, na bei ya gudi hiyo lazima uiongeze kwenye bei ya meli hata kama programu haikuulizi.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu kingine, andika juu ya karatasi namba tatu: urefu wa gudi, upana wa mlango wake, na kina cha maji kwenye njia ya kuingilia bandarini maji yakiwa yamekupwa. Hizo hazibadiliki. Yote mengine yatabishana ndani yake.

Sasa deraya, na hapa tukae kidogo maana ndipo michoro mingi inapozama. Bati la chuma la mita moja kwa mita moja, unene milimita moja, lina uzito wa kilo 7.85. Chukua mkanda wa deraya wa urefu wa mita 100 na kimo cha mita 4, pande zote mbili: mita za mraba 800. Kwa unene wa milimita 200 (wa España ulikuwa 203), umepata tani 1,256. Halafu unajiambia, aa, niweke 300 tu nilale usingizi. Umeongeza tani 628. Meli ya vipimo vile huteremka sentimita moja majini kwa kila tani 24 hivi unazoiongezea, kwa hiyo imeteremka sentimita 26. Na mkanda wenyewe umeteremka nayo! Ile sehemu uliyotaka ikae juu ya maji kupokea makombora, sasa robo mita yake imekwenda kulinda samaki.

Utasema basi naipanua meli ielee zaidi. Ukiipanua inasukumika kwa shida, unaongeza matangi ya mvuke. Matangi yanataka chumba kirefu zaidi. Chumba kirefu kinataka mkanda mrefu zaidi wa kukifunika. Na mkanda mrefu una uzito. Nimezunguka hivyo usiku mzima zaidi ya mara moja. Njia ya kutoka niliyoipata ni moja: panga uzito wote wa meli tangu mwanzo, gawa mafungu ya deraya, mitambo, mizinga, mwili wa meli na makaa ya mawe, kisha fungu likiisha, limeisha. Ukitaka kukopa, sema kwa sauti unakopa kwa nani. España ilikopa kwa deraya ili ipate mizinga minane ya milimita 305, yaani mingi kwa udogo wake. Mimi nisingefanya hivyo, lakini naielewa hesabu yao.

Mwendo nao una tamaa yake. Turbini za Parsons za España, yaani mitambo yake ya mvuke, zilitoa nguvu farasi 15,500 hivi kwa maili 19.5 kwa saa. Nguvu inayotakiwa hupanda karibu kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo ukitaka maili 22, gawanya 22 kwa 19.5, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe mara tatu: unapata 1.44 hivi. Ni nguvu farasi zaidi ya 22,000, na kwa meli fupi nene itazidi hapo, kwa sababu inasukuma mlima wa maji mbele ya omo. Maili mbili na nusu zimekula karibu nusu ya mtambo mwingine. Kabla hujazilipia, jiulize unamkimbia nani au unamfukuza nani.

Swali hilo Waswidi walilijibu vizuri kuliko wote ninaowajua. Sverige yao ilikuwa na tani 7,000 na kitu tu, chini ya nusu ya España. Mizinga minne ya milimita 283 katika minara miwili ya kuizungushia, mkanda wa milimita 200, maili 22.5 kwa saa. Kwenye orodha ya namba inaonekana masikini. Lakini haikuchorwa ipambane katikati ya bahari kuu. Ilichorwa kwa pwani yao yenyewe, yenye maelfu ya visiwa na miamba na maji haba, ambako manowari kubwa ya Kirusi ingeingia kwa hofu na Sverige ingechomoka nyuma ya kisiwa, ikapiga na kurudi. Serikali ya Karl Staaff ilipouahirisha ujenzi wake mwaka 1911, wananchi walichangishana mwaka uliofuata. Zilihitajika krona milioni 12 hivi, zikapatikana zaidi ya milioni 17. Na mizinga yake ilifuliwa nyumbani, na kiwanda cha Bofors.

Neno hilo "nyumbani" ndilo linalonileta kwenye mizinga. Anayechora kwa kompyuta huandika "356 mm" na mizinga ipo. Wagiriki waliagiza manowari Salamis ijengwe Hamburg, Ujerumani, na mizinga yake minane ya milimita 356 itoke kwa Bethlehem Steel ya Marekani. Kwenye karatasi ni akili: chukua fundi bora wa kila kazi. Vita vikazuka mwaka 1914. Mwili wa meli ulishushwa majini Novemba mwaka huo, ukakaa pale Ujerumani bila mizinga. Mizinga yenyewe Waingereza waliinunua wakaifunga kwenye meli zao. Kesi za nani amlipe nani ziliendelea hadi mwaka 1932, ndipo gofu lile likakatwa vyuma chakavu. Waturuki waliinunua manowari Rio de Janeiro, iliyokuwa imeagizwa na Brazili huko huko Uingereza, yenye mizinga 14. Agosti 1914 Waingereza wakaichukua ikiwa karibu kukabidhiwa. Hata Jaime I ya Wahispania, iliyojengwa kwao Ferrol, ilikawia hadi mwaka 1921 kwa sababu vifaa vyake vilikuwa vinatoka Uingereza, na Uingereza ilikuwa na vita vyake. Kwa hiyo pembeni mwa kila kifaa kwenye mchoro wako andika kinatoka nchi gani. Ukiona bahari moja imekaa kati ya deraya na mizinga, punguza kipimo cha mizinga hadi ufike kwa fundi aliye karibu.

Kuna jambo ambalo programu hulitoa kama namba moja chini kabisa ya ukurasa, na watu hulipita: idadi ya mabaharia. España ilibeba watu 850 hivi. Hao wanalala wapi, nani atawafundisha turbini, nani atawapikia? Brazili ilipata Minas Geraes mwaka 1910, ikiwa miongoni mwa manowari zenye nguvu kuliko zote duniani kwa wakati ule. Ndani yake maofisa waliendelea kuwachapa mabaharia viboko, wengi wao weusi, miaka 22 baada ya utumwa kufutwa nchini humo. Novemba mwaka huo huo, baada ya mwenzao mmoja kuchapwa viboko 250, mabaharia wakiongozwa na João Cândido waliziteka meli na kuielekezea mizinga Rio de Janeiro, wakidai viboko vikomeshwe. Na waliziendesha meli hizo kwa ustadi, wenyewe. Wakaahidiwa msamaha, kisha wengi wao wakafungwa, wengine wakafia gerezani. Nikisoma habari hiyo huwa narudi kwenye mchoro wangu kutazama sitaha ya mabaharia, ile niliyokuwa naiminya kila ninapokosa nafasi ya makaa.

Mwishowe kina cha maji, ambacho nilikitaja juu juu pale mwanzo. Nilipokuwa mtoto tulipelekwa na shule Fort Jesus, na mle ndani kuna mzinga wa milimita 105 wa meli ya Wajerumani, Königsberg. Meli hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza zilibaki nje miezi zikiikodolea macho mikoko. Ziliizidi Königsberg kwa mizinga, lakini mto ulikuwa haba kwao. Waliokuja kuimaliza tarehe 11 Julai 1915 ni Severn na Mersey, vijimeli bapa vya tani 1,260 hivi, vyenye mizinga miwili miwili ya milimita 152, vikizama majini chini ya mita mbili tu, huku ndege kutoka Mafia zikiwaonyesha makombora yanaangukia wapi.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba Severn na Mersey hazikuchorwa kwa ajili ya Rufiji wala kwa ajili ya Uingereza. Zilijengwa Barrow kwa oda ya Brazili, kwa kulinda mito ya Amazoni; Brazili ikakosa fedha, Waingereza wakazinunua vita vilipoanza. Mchoraji alipewa mto wenye maji haba, akachora chombo cha maji haba, na kikafaa kwenye mto mwingine wenye maji haba upande wa pili wa Afrika.

Mchoro ninaoushughulikia sasa ni ndugu wa nne wa España, wa kubuni. Minara yote minne iko kwenye mstari wa katikati, mizinga minane ile ile, mkanda wa milimita 230, na nimerudisha mwendo hadi maili 19 ili nilipe deni hilo. Bado omo yake ni nzito na sijapata pa kupunguzia. Gudi yangu ina mlango wa mita 25.5, meli ina upana wa mita 24.4. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, nimeandika: vyuma vya kukinga ubavu, hakuna.